Kwa Miguu na Baba Askofu Hadi Uthiru

Jamani, nimechoka kusimulia. Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kuchukua sketi yake anakaa kwenye benchi na kusema, "Mama Shiru, hebu nieleze vizuri ile safari." Nikishafika Westlands anaingia mwingine, naye anataka nianze upya. Kazi zimelala. Kwa hivyo nimenunua daftari hili, nimeandika yote, na litakaa hapa kwenye kaunta. Mtasoma kwa zamu. Anayetaka kubishana abishane na daftari.

Kwa wasionijua, mimi ni Veronika, fundi wa mavazi ya kanisa, na duka langu liko hapa Adams, Nairobi, kwenye Barabara ya Ngong. Kazi niliirithi kwa mama yangu, pamoja na cherehani yake na wateja wake. Mteja wa zamani kuliko wote ni Baba Askofu Klementi. Maisha yake yote ninayo kwenye kitabu cha vipimo. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa mama: "Padri Klementi, Uthiru. Kiuno inchi ishirini na tisa." Hapo alikuwa padri mpya, hana hata kanzu ya pili. Akapelekwa ng'ambo kusomea sheria za Kanisa, akarudi na inchi thelathini na nne. Akakalishwa kwenye ofisi ya askofu mjini, kazi ya kuandika barua kutwa nzima, inchi thelathini na nane. Kisha akafanywa askofu mwenyewe, kule kaskazini kwenye ukame, na hapo ndipo mimi nilipoanza kumpunguzia kanzu kila mwaka. Miaka kumi na minane ya kuchimba visima na kusuluhisha watu wanaoibiana ng'ombe haimwachi mtu na kitambi. Alipofika miaka sabini na mitano akastaafu, kama sheria yao inavyotaka, akaja kuishi kwenye nyumba ya mapadri wazee kando ya Barabara ya Ngong. Inchi thelathini na moja. Nikamwambia, "Baba, ukiendelea hivi watakurudisha seminari." Akacheka mpaka akakohoa.

Basi, Ijumaa moja alikuja na kanzu yake nyeupe mkononi.

"Mama Shiru, nipunguzie upindo. Inchi tatu. Nisije nikajikanyaga."

"Unaenda wapi, Baba, kwenye matope?"

"Uthiru. Kwa miguu."

Nilidhani ananitania. Mtu wa miaka sabini na saba! Lakini alikaa kwenye benchi akanieleza, na alivyokuwa akieleza aliangalia sakafu, si mimi.

Alipokuwa padri kijana pale Uthiru alikuwa na katekista aliyeitwa Fabiano, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, aliyefundisha watoto mafundisho na kumwonyesha padri njia za vijijini. Ndugu yake Fabiano akafariki, akaacha mjane, Anyesi, na watoto watano. Fabiano hakuwa na mke. Kwa mila ya kwao ilimpasa awachukue, na tena huyo Anyesi alimpenda. Alitaka amwoe kanisani, kwa heshima. Lakini sheria ya Kanisa wakati ule ilisema mtu hawezi kumwoa mjane wa ndugu yake mpaka apate ruhusa maalum, na ruhusa inaombwa na paroko kwa barua.

"Alinijia akaniomba niandike barua," Baba Askofu akasema. "Barua moja. Nikamwambia nitaandika. Sikuandika. Niliona haya ni mambo ya mila tu, nikasema moyoni, akingoja sana atachoka."

"Akachoka?"

"Watoto walikuwa na njaa, Mama Shiru. Mwaka ukapita, akawachukua. Jumapili iliyofuata nikamwita mbele ya altare, kanisa limejaa, nikamvua msalaba wake wa ukatekista. Nikamwambia asiguse Komunyo tena."

Fabiano alitembea kutoka Uthiru mpaka mjini, kwenye ofisi ya askofu wa wakati huo, kutafuta haki yake. Pale mlangoni akaambiwa arudi akaongee na paroko wake. Akarudi kwa miguu vilevile. Na Padri Klementi akapelekwa kusoma, na aliporudi akapewa kazi gani? Ya kuandika barua za ruhusa. Zilezile. Aliandika miaka na miaka, kwa watu asiowajua hata kwa sura.

"Na huyo Fabiano?"

"Yuko hai. Hajarudi mezani pa Bwana tangu siku ile. Anyesi amekufa, amezikwa bila padri. Nataka nimwombe msamaha nikiwa bado na miguu."

Nikamuuliza kwa nini asiende na gari, magari ya kanisa yako pale yanapigwa na jua. Akasema, "Yeye hakwenda na gari." Halafu akaniomba kitu kimoja: nisimwambie mtu, kwa sababu hili ni jambo lake na Fabiano peke yao. Nikaapa. Na pia nikamwambia haendi peke yake, akianguka njiani nani atamwinua. Alibisha kidogo, akakubali.

Kiapo changu nilikitunza. Sikumwambia mtu isipokuwa Mama Lusia, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, na hata yeye sikumwambia habari ya Fabiano. Nilimwambia tu, kama nia ya sala, kwamba Jumanne namsindikiza Baba Askofu kwa miguu, tunapitia Westlands, Kitisuru na Kangemi mpaka Uthiru, watuombee. Wakatoliki wenzangu mmeshajua kosa liko wapi. Ukimwambia Mkatoliki siri, ataificha. Ukimwambia ni nia ya sala, umemlazimisha aitangaze.

Adams mpaka mjini

Jumanne tuliondoka baada ya misa ya asubuhi. Ilikuwa ile baridi ya Julai ya kung'ata masikio, kwa hivyo Baba Askofu alivaa koti refu jeusi juu ya kanzu, likaifunika yote, na kichwani kofia ya sufu. Ungemwona ungesema ni mzee wa kawaida anakwenda kuulizia pensheni. Mimi nilivaa viatu vipya. Wazee walisema usijaribu kiatu safarini, lakini vilikuwa vizuri na nilitaka kuonekana.

Mzee huyu anatembea jamani. Tulikuwa hatujamaliza nusu ya Barabara ya Ngong nami nahema, yeye ananihadithia jinsi alivyochunga mbuzi za baba yake mpaka akiwa na miaka kumi na miwili, na jinsi mbuzi walivyokula cheti chake cha ubatizo ikabidi abatizwe kwa masharti, kana kwamba ni mara ya kwanza. Tulipofika ule mteremko wa kuingia mjini nilishaanza kuchechemea.

Hakutaka kuingia kanisa kuu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye lango la ofisi, pale Fabiano aliporudishwa. Alisimama, akaweka kiganja ukutani, akafumba macho. Mimi nikasimama pembeni yake nimeshika mkoba. Soja wa zamu alituangalia, mzee na mama, akatoka kibandani.

"Habari zenu. Mko na miadi?"

"Hapana," Baba Askofu akasema. "Tumepita tu."

Soja akatuangalia tena, mmoja mmoja, akashusha sauti kwa huruma. "Mzee, kama ni mambo ya ndoa, hapa hamtasaidika. Anzeni kwa paroko wenu."

Nilisikia uso ukiniwaka. Nina mume mimi, na wajukuu wawili! Nikafungua mdomo kumweleza huyu kijana anaongea na nani, lakini Baba Askofu alishanishika mkono ananivuta, anacheka machozi yanamtoka. Tulipovuka barabara ndipo nikaona kwamba si kicheko chote.

"Wameendelea kusema vilevile," akasema. "Basi. Hapa ndipo alipofika. Sasa turudi kama alivyorudi."

Tulikula githeri, yaani mahindi na maharagwe, na parachichi kwenye hoteli ndogo, akamaliza sahani yake na nusu ya yangu.

Mjini mpaka Westlands

Mambo yaliharibika pale mlima wa Makavazi. Tunapanda taratibu, mimi nikitafuta pa kukaa, nikaona kitambaa cha bluu, halafu kingine. Akina mama kumi na wawili, sare kamili, vitambaa vichwani, wameketi kwenye nyasi na chupa za chai, hotpoti za chapati na bango. Bango limeandikwa: HIJA YA KUOMBEA FAMILIA. KARIBU BABA ASKOFU.

Baba Askofu aliangalia bango, kisha akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia mbinguni.

"Mama Shiru, hawa wamejuaje?"

"Roho Mtakatifu, Baba."

Ilikuwa hivi. Mama Lusia alitangaza nia yangu Jumamosi kwenye jumuiya. Kwa kuwa hakujua tunaenda kufanya nini, akaongeza kidogo kwamba ni kwa ajili ya familia. Jumapili ikasomwa kwenye maombi ya waamini, na waliokuwa na ndugu parokia nyingine wakawatumia ujumbe wa simu. Kufikia Westlands ilikuwa ya familia. Loresho walisikia ni ya kuombea mvua. Kangemi walisikia ni ya amani ya nchi nzima, na askofu amefunga kula.

Bahati yetu, hilo la kufunga wa Makavazi hawakulisikia. Tulikula chapati. Mbele kidogo, karibu na mzunguko wa Westlands, jumuiya nyingine ilikuwa na mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa, na hao hawasalimiani na wale wa chapati kwa sababu ya mambo ya kwaya. Ukila kwa hawa usile kwa hawa, umetangaza vita. Tukala. Baba Askofu akabariki rozari, maji, saluni moja, na sufuria kubwa mpya ya jumuiya iliyokuwa na kibandiko cha duka bado. Kila akiinua mkono kuaga, mtu alitoa kitu kingine kwenye mkoba.

Halafu akatokea bwana mmoja mwenye gari la fahari. Alisimamisha katikati ya barabara, akaruka nje. "Baba Askofu! Wamekunyang'anya gari?" Tukamweleza hapana, tunatembea. Akaomba atupeleke. Akakataliwa kwa upole. Basi akavua koti la suti, akamwambia dereva wake atufuate polepole, akaanza kutembea nasi. Dereva akawasha taa za kumetameta na kutufuata kwa mwendo wa konokono, na nyuma yake msururu wa magari mpaka sikuona mwisho wake. Tulitukanwa siku hiyo kwa lugha nyingi. Yule bwana alidhani wanatushangilia, akawa anawapungia mkono.

Kitisuru

Kabla ya kupinda kuelekea Kitisuru, Baba Askofu aliwashukuru wote, akawapa baraka, akawaomba warudi nyumbani. Wakasema, "Tutaonana kesho, Baba." Yeye alidhani ni adabu tu. Mimi nilijua si adabu, lakini nilinyamaza.

Kitisuru hakuna pa kukanyaga mtu wa miguu. Ni ua na ukuta, ua na ukuta, na mbwa wanaokupokezana kutoka lango moja hadi jingine. Tulikuwa tunamtafuta Felista, binti mkubwa wa Anyesi, ambaye ni mpishi kwenye nyumba moja ya huko. Baba Askofu alitaka amwone kwanza, amuulize kama baba yake atakubali kupokea mgeni. Felista na nduguze humwita Fabiano baba, kwa sababu ndiye aliyewalea.

Soja wa lango lile alifungua kidirisha kidogo, tukaona macho tu.

"Niaje mzee. Unataka nani?"

"Mwambie Felista kuna Askofu Klementi."

Macho yakamwangalia kuanzia kofia ya sufu mpaka kwenye viatu vyenye vumbi. "Mzee wangu, maaskofu wamekuwa wengi. Wiki imepita alikuja mwingine, huyo hata alikuwa na gari na pete kubwa. Akaombea gari ya mdosi, mwenye nyumba. Kuenda kuangalia, saidi mira haiko."

"Vioo vya pembeni, vyote viwili?" Baba Askofu akauliza.

"Moja. Ingine alikuwa ameanza kufungua."

Nikafungua vifungo vya lile koti la mzee mwenyewe, nikamwonyesha soja kanzu na msalaba. Nikamwambia kanzu hiyo nimeshona mimi, na kama hii ni ya wizi basi anikamate mimi. Akafikiri, akasema wezi pia wana mafundi. Tulikaa kwenye jiwe nje ya lango, hata saa nzima, mpaka Felista mwenyewe alipotoka kutupa taka.

Huyu Felista ni mama wa miaka hamsini na kitu, mrefu, si mwepesi wa kucheka. Baba Askofu akasimama, akajitaja. Yeye akaweka ndoo ya taka chini. Kisha akasema, "Nakukumbuka. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele." Baba Askofu akainamisha kichwa. Nikaona safari imeishia hapo langoni.

Lakini akatukaribisha. Wenye nyumba walikuwa wamesafiri, naye akatupeleka kwenye chumba chake nyuma ya nyumba kubwa. Akachinja kuku, akasonga ugali, akatuwekea. Mnajua kwao kuku akichinjiwa mgeni wa heshima, firigisi ni yake. Nilitafuta firigisi kwenye bakuli, sikuiona. Felista alinikamata nikitafuta.

"Firigisi ni ya baba," akasema. "Nimeifunga, nitampelekea."

"Ni haki," Baba Askofu akasema, akachukua shingo.

Baada ya kula akamuuliza alichokuja kuuliza: je, atampokea? Felista akafuta meza kwanza. "Sijui. Sijawahi kumsikia baba akikutaja kwa ubaya. Kwa uzuri pia sijamsikia." Halafu akampa Baba Askofu kitanda chake, na sisi wawili tukalala kwenye godoro jikoni. Asubuhi nilimkuta Felista amevaa gauni la kutokea. Alisema ameshaomba ruhusa kwa simu, anaenda nasi.

Kitisuru mpaka Kangemi

Nitasema haraka kuhusu miguu yangu: ilikuwa na malengelenge manne, na Baba Askofu alinivulia soksi zake za sufu, nikazivaa na kandambili za Felista. Ndio, nimevaa soksi za askofu. Msinicheke, zilikuwa na joto.

Tulikata kwa Loresho, manyunyu yakitupiga, tukashuka bondeni kati ya mashamba ya majani ya ng'ombe. Ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote. Felista alianza kuongea. Alisema mama yake alikuwa na ulimi, alicheka kwa sauti, na kila Jumapili aliwapeleka watoto kanisani, akawaingiza ndani, yeye na Fabiano wakabaki nje chini ya dirisha. Hata mvua ikinyesha. Baba Askofu alimsikiliza, na nikaona anatembea polepole kuliko jana.

Tulipopanda kutokea Kangemi, tulisikia ngoma. Nikajua. Tulipotokeza barabarani, ndugu zangu, walikuwa watu mia, au zaidi. Kayamba, ngoma, kwaya mbili, wale kina mama wa chapati na wale wa mukimo, yule bwana wa gari amekuja na mkewe, na padri wa pale ameshika kipaza sauti. Wakapiga vigelegele mpaka manyunyu yakaacha.

Baba Askofu alinigeukia. Sijawahi kumwona amekasirika, na nimemjua tangu nikiwa msichana wa kuokota sindano sakafuni.

"Veronika. Ulimwambia nani?"

Nikamwambia yote. Habari ya Mama Lusia, habari ya nia ya sala.

"Nimekuja kumwomba mtu msamaha," akasema, "wewe umeniletea arusi."

Nililia palepale, kwenye kandambili. Nililia kwa aibu, kwa sababu alikuwa na haki. Felista naye akasema kwa sauti ya chini, "Baba akiona watu hawa wote atafunga mlango. Atasema mmekuja kumwaibisha tena mbele ya watu."

Baba Askofu akachukua kipaza sauti, akawaomba watu warudi makwao. Wakacheka kwa mapenzi. Mnajua tulivyo: askofu akikataa kitu tunasema ni unyenyekevu, tunamwongeza. Akawaomba mara ya pili, wakaanza wimbo. Akarudisha kipaza sauti, akaanza kutembea kando ya Waiyaki Way, na umati nyuma yake. Hakuniongelesha. Nilibaki nyuma, nikimwomba Mungu ateremshe mvua kubwa iwatawanye. Haikunya.

Karibu tufike Uthiru akasimama. Akamwita Felista.

"Siku ile, kanisani, kulikuwa na watu wangapi?"

"Lilijaa," Felista akasema. "Mpaka nje."

Akavua ile kofia ya sufu akaitia mfukoni. "Basi na waje. Nilifanya mbele ya watu, kwa nini nijifiche leo. Ila waambie ngoma zinyamaze."

Uthiru

Nyumba ya Mzee Fabiano ni ya mbao, imepakwa rangi ya kijani, na mbele ina uwanja mdogo uliofagiwa. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda akipukuchua mahindi kwenye karai. Ni mdogo wa mwili, nywele nyeupe zote. Alituona tukiingia, wa kwanza watatu, halafu kumi, halafu ukuta wa watu mpaka barabarani. Hakusimama. Mikono yake iliendelea na mahindi.

Baba Askofu akasimama mbele yake. Hakutumia kipaza sauti, lakini kila mtu alimsikia. Alieleza yote, kama alivyonieleza mimi kwenye benchi: barua aliyoahidi, mwaka aliomfanya angoje, msalaba aliomvua, lango la mjini alikorudishwa, barua alizowaandikia wengine baadaye. Hakujitetea hata kwa neno moja. Mwisho akasema, "Nilikukosea wewe, nikamkosea Anyesi, nikawakosea watoto. Naomba unisamehe."

Wale kina mama wa hija ya familia walikuwa wameshika midomo. Yule bwana wa gari alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Umemaliza?" Mzee Fabiano akauliza.

"Nimemaliza."

Mzee akaweka gunzi chini, akapangusa mikono. "Mimi nilikusamehe zamani, Padri. Nilikuwa na watoto watano wa kubeba. Sikuwa na nafasi ya kukubeba na wewe."

Nilisikia watu wakipumua. Padri wa Kangemi akainua mkono kuanzisha wimbo, lakini mzee akamzuia kwa kidole.

"Lakini Anyesi hakukusamehe," akasema. "Mpaka siku yake ya mwisho aliniambia, yule padri akija, asimalizane na wewe. Wewe ni mwepesi. Aje kwangu. Sasa mimi siwezi kumsemea. Yuko nyuma ya nyumba. Nenda ukaongee naye."

Baba Askofu alibaki amesimama. Huyu ni mtu aliyelala kati ya makabila yenye bunduki, na hapo nilimwona anaogopa kupiga hatua ya kwanza. Alikwenda peke yake, akapita kando ya tangi la maji, tukamwona mpaka alipokunja kona. Hakuna aliyemfuata. Hata watoto hawakumfuata.

Tulingoja. Mzee Fabiano akarudia mahindi yake. Simu ya mtu ililia, akaizima haraka. Mguu ulikuwa unaniwaka lakini nilisimama, niliona si vizuri kukaa. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Zilikuwa nyingi kuliko mahubiri yoyote aliyowahi kutoa. Felista alikuwa amenishika mkono, na sijui ni lini aliushika.

Aliporudi, kanzu yake ilikuwa na udongo mwekundu magotini, na macho yake yalikuwa mekundu vilevile. Akasimama mahali palepale pa kwanza. Mzee akamtazama magoti, kisha uso.

"Amesemaje?"

"Amenyamaza," Baba Askofu akasema.

Mzee Fabiano akazungusha punje moja ya mahindi kati ya vidole. "Siku niliyomwomba aje kwangu na watoto," akasema, "pia alinyamaza. Na ulimi aliokuwa nao." Akaitupa ile punje kwenye karai. "Anyesi akikataa utamsikia. Akinyamaza, amekubali."

Akashika goti, akainuka, na Baba Askofu akamshika kiwiko kumsaidia. Wakabaki wameshikana hivyo, wazee wawili, hakuna aliyejua nani anamwegemea nani. Felista alikuwa analia kwa sauti. Mimi pia nililia, na sikuona haya.

"Felista, nipe koti langu," mzee akasema. "Padri, bado una nguvu za kutembea mpaka kanisani? Twende upesi, kabla hajabadilisha nia."

Nikasahau adabu, nikadakia. "Hawezi kubadilisha nia, Mzee. Baba Askofu ametembea siku mbili kuja kwako."

Mzee Fabiano akaniangalia, akaangalia zile soksi kwenye kandambili, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Si yeye, mama," akasema. "Anyesi."